Mzigo wa Dago

Tairi la nyuma lilizama kwanza. Asia, aliyekaa katikati ya dereva na mjomba wake, alihisi Canter ikilala upande mmoja taratibu, kisha injini ikanguruma bila gari kwenda popote. Erasto, dereva, akatia gia ya kurudi. Tope jeusi likaruka mpaka kwenye kioo cha pembeni.

"Zima," alisema mzee Saidi, mjomba wa Asia. "Unachimba shimo."

Erasto akazima. Walikuwa katikati ya mkondo mpana uliokauka, mikoko imesimama kushoto na kulia, na kaa wadogo wekundu wakiingia na kutoka kwenye matundu yao.

Walikuwa wametoka Mtwara alfajiri. Shafii, mume wa Asia, na wenzake wanne walikuwa wametangulia kwa boti, wakitumia tanga dogo na makasia, kwenda dago: kupiga kambi ya uvuvi kwa miezi kadhaa kwenye ulimi wa mchanga karibu na mlango wa Mto Ruvuma. Vitu vizito viliachwa vije kwa gari: nyavu, maboya, sufuria, madumu ya maji ya kunywa, friji bovu lililojazwa barafu, na mashine ya boti iliyokuwa kwa fundi. Fundi alichelewa kuimaliza, gari nalo likachelewa. Maji waliyoondoka nayo wanaume yalikuwa ya kuwavusha mpaka gari lifike, basi.

Baada ya kijiji cha Mahurunga walikuta daraja la magogo limechukuliwa na mvua. Mtu wa bodaboda akawaambia kwamba maji yakipwa magari hukata ndani ya mkondo na kutokea ufukweni. Saidi hakupenda. Erasto alisita, kwa kuwa gari lilikuwa la tajiri wake na yeye mwenyewe, mtu wa kutoka bara, bahari aliijua kwa kuitazama tu. Asia ndiye aliyesema wapite. Alikuwa akifikiria midomo mikavu ya watu watano.

Sasa walishuka wakakata matawi ya mikoko, wakayatandika mbele ya matairi. Erasto akaweka jeki juu ya ubao na kuingia chini ya gari nusu mwili. Gari liliinuka kidogo. Halafu ubao ukateleza, jeki ikalala, na Canter ikarudi chini kwa mshindo mzito uliowarusha ndege matawini.

Erasto hakupiga kelele. Alitoa sauti fupi, kisha akasema, "Mguu."

Walimvuta kwa makwapa. Chini ya goti la kulia ngozi ilikuwa imechanika, na muundi ulikuwa umepinda mahali ambapo haukupaswa kupinda. Asia alichana kanga yake vipande. Saidi akachonga vijiti viwili, akaunyoosha mguu huku Erasto akiuma kola ya shati lake, na Asia akafunga kwa nguvu, kisha akaweka kipande cha barafu juu ya kitambaa.

"Simu?" aliuliza Erasto, jasho likimtiririka.

Asia aliinua simu yake juu ya kichwa. Ilikuwa imenasa mtandao wa Msumbiji, na haikukubali kupiga popote. Alipoishusha aliona maji. Yalikuwa yakija kimya kwenye sakafu ya mkondo, yakizunguka matairi, yakijaza matundu ya kaa moja baada ya jingine.

"Leo ni bamvua," alisema Saidi. "Yatajaa mpaka mwisho."

Asia alitazama mikoko. Majani ya chini yote yalikuwa ya kahawia, yamepakwa tope kavu, na mstari wa tope ulipoishia majani yalikuwa ya kijani safi. Mstari ule ulikuwa juu ya paa la gari. Aliutazama tena ili ahakikishe, kisha akaanza kushusha mizigo.

Nyavu walizifunga kwenye mikoko mikubwa, juu kadiri walivyofikia. Madumu ya maji waliyaunganisha kwa kamba moja. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo yaliweza kuelea, vifuniko tu vikionekana. Friji walilitoa barafu, wakalilaza chali na kuziba nyufa kwa vitambaa. Lilielea. Lakini lilikuwa dogo, na walipolijaribu liliweza kubeba kitu kimoja tu kizito.

Saidi alitazama mashine iliyolala juu ya bodi, imefungwa kwenye turubai. Kisha akamtazama Erasto.

"Mwanangu, hiyo mashine ni chakula cha nyumba tano," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu tumpandishe kwenye tawi tumfunge vizuri. Maji yakipwa tutarudi kumchukua."

"Mguu umevunjika, mjomba. Akizimia?"

"Tutamfunga, nimesema."

"Mzee anasema kweli, dada," alisema Erasto. Alikuwa ameegemea kabini, maji yakimfika mapajani. "Mimi nitashika tawi. Pelekeni mashine. Nyie mna watu wanaongoja."

Asia aliitazama mashine. Korosho za shamba la mama yake, za msimu mzima, ziliishia kwenye mashine ile. Alikumbuka jinsi alivyokaa kwa fundi siku tatu mfululizo, akipangusa kila kifaa kilichotolewa, mpaka ikawaka. Aliweza kuisikia bado, sauti safi, bila kukohoa.

"Ingia kwenye friji," alimwambia Erasto.

"Dada..."

"Maji hayatungoji tubishane. Ingia."

Saidi akasogea karibu. Yeye na Asia wakambeba Erasto na kumketisha ndani, mguu mbaya umelazwa kwenye ukingo. Mashine waliifunga juu ya paa la kabini kwa kamba zote zilizobaki, na Saidi akafunga mwisho wa kamba moja kwenye shina la mkoko. Hakumtazama mpwa wake wakati akifunga.

Waliondoka maji yakiwa kifuani. Asia alisukuma friji kwa nyuma. Saidi, maboya mawili yamefungwa kifuani pake, aliyavuta madumu. Walikwenda wakiambaa ukingo wa mikoko, wakishika mizizi pale mkondo ulipokuwa na nguvu, wakiogelea pale miguu ilipokosa chini. Asia alikulia Mnazi Bay akitafuta pweza na mama yake, na maji hayakumtisha. Lililomtisha ni wakati. Maji yakianza kurudi kabla hawajafika, yangewabeba wote mpaka baharini.

"Yanaingia," alisema Erasto. "Hapa chini ya mgongo wangu."

"Teka kwa kiatu."

Erasto alivua kiatu cha mguu mzima, akaanza kuteka na kumwaga. Aliendelea kuteka, macho yake yakikwepa maji mapana yaliyomzunguka.

Mahali mkondo ulipopinda, Saidi aliinua mkono. Wakasimama. Mbele yao, mahali peupe kati ya mikoko, maji yalivimba, kisha masikio mawili na pua pana vikatokea. Kiboko alipumua kwa kishindo. Asia alilisukuma friji ndani ya mizizi na kulikumbatia lisigonge. Saidi akazamisha mwili mpaka kidevuni. Erasto aliacha kuteka. Maji yaliingia polepole kwenye friji, yakamfika kiunoni, naye hakusogeza hata kidole.

Kiboko aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akazama, na mstari wa mapovu ukavuka mkondo kuelekea upande wa mtoni, mbali nao. Walingoja mpaka mapovu yalipopotea, wakangoja tena kidogo. Ndipo Asia akanong'ona, "Teka."

Jua lilikuwa limeinama walipotoka kwenye mikoko na kuona mchanga. Maji yalikuwa yamesimama, hayaendi wala hayarudi. Asia aliposikia sauti za wanaume miguu yake iligusa chini.

Shafii alikuja mbio ndani ya maji. Alimshika mkewe mabega kwanza, akamtazama usoni, kisha akatazama ndani ya friji.

"Huyu nani?"

"Dereva. Mguu umevunjika."

Walimbeba mpaka kivulini. Wenzake Shafii walifungua dumu la kwanza na kunywa kwa kupokezana, taratibu, macho wamefumba. Midomo yao ilikuwa imepasuka. Shafii alikunywa wa mwisho.

"Mashine?" aliuliza.

"Juu ya gari. Gari liko chini ya maji." Asia alielekeza kidole kwenye friji. "Friji lilichukua kimoja."

Saidi, aliyekuwa akikamua shati lake, alisema bila kugeuka, "Mimi nilitaka tubebe mashine. Yeye akakataa. Nashukuru alikataa."

Shafii aliutazama mguu wa Erasto. Kisha akainuka kwenda kutafuta ubao mzuri zaidi kwa ajili ya mguu wa mgeni.

Kesho yake maji yalipopwa waliikuta mashine imeanguka kwenye tope, imeshikiliwa na ile kamba moja ya mkokoni. Nyavu zilikuwa salama. Mashine ingehitaji kufunguliwa yote na kusafishwa chumvi, na siku nzuri za bamvua zingepita kabla haijawaka. Wangevua karibu, kwa makasia na mishipi. Mmoja wao alikwenda kwa miguu mpaka Mahurunga kutafuta trekta, na pikipiki ya kumpeleka Erasto hospitali.

Erasto aliingoja akiwa chini ya turubai, mguu umenyooshwa. Asia alikuwa akiwasha moto.

"Dada Asia. Ungeniacha kwenye tawi, leo wanaume wangekuwa baharini."

"Kunywa maji," alisema Asia, akimpa kikombe. Alipokunywa, alimsogezea kapu la mihogo ambayo wanaume walishindwa kuipika kwa kukosa maji, na kisu juu yake. "Halafu unimenyee hii. Kilichoumia ni mguu. Mikono unayo."

Erasto alitazama kisu, kisha akalivuta kapu karibu, akaanza kumenya.