Jino la Safarmad

Tanuri la Oyniso limeegemea ukuta wa jiko langu. Kila alfajiri namsikia akipiga mikate kwenye kuta zake za ndani ishike, pa, pa, pa, na hapo najua kumekucha. Jumatatu ile, theluji ya milimani ilipoanza kuyeyuka, nilihesabu mapigo kumi na mawili.

"Mikate kumi na miwili?" aliuliza mama mkwe wake, Bibi Hosiyat. "Unamlisha mume au kikosi cha jeshi?"

"Anakaa siku tatu mlimani, mama. Nyuki hawapiki."

Mume wa Oyniso ni Safarmad, mfuga nyuki, mtu wa miaka arobaini na sita. Kila mwaka majira hayo hupakia mizinga kwenye lori lake kuukuu na kuipeleka malishoni juu ya kijiji chetu cha Tutzor. Asubuhi hiyo alivaa joho lake la pamba lenye milia ya kijani, alilolishona mama yake. Akacheka kwa yale maneno ya mikate, na jino lake la dhahabu likang'aa.

Dhahabu mdomoni si ajabu kwetu. Mimi mwenyewe ninazo mbili. Lakini jino la Safarmad lina habari yake. Miaka mitatu nyuma alivunja kokwa ya aprikoti kwa meno, kama tufanyavyo wote tusiosikia la mtu. Kokwa ikabaki nzima, jino likapasuka. Oyniso akatoa hereni yake moja ya harusi, ikayeyushwa, na Daktari Mavjuda wa zahanati ya meno akalivisha jino lile dhahabu. Hereni ya pili ilibaki peke yake kwenye kijikebe.

Siku ile Daktari Mavjuda alimpiga Safarmad picha ya eksirei. Kisha akachora meno yake yote kwenye kadi mbili, moja ya zahanati na moja ya nyumbani.

"Itunzeni," alisema. "Meno ya mtu mmoja hayafanani na ya mwingine. Kadi hii ni kama kitambulisho."

Bibi Hosiyat aliitunza wiki nzima. Kisha ikaja siku ya mvua, kuni zikagoma kushika, akaitumia kuwashia tanuri.

Basi Safarmad akaenda zake. Jumatano mvua kubwa ikanyesha, na mlima ukashuka. Tope na mawe viliifukia barabara ya malishoni, na simu ya Safarmad ikawa haipatikani. Watu ishirini walipanda na sururu wakiongozwa na mdogo wake, Rajabali. Walichimba Alhamisi. Walichimba Ijumaa, wakalipata lori likiwa limepondwa, tupu. Jumamosi mchana mwili wa mwanamume ulionekana mtoni, chini ya maporomoko. Uso ulikuwa umeumizwa na mawe hata hautambuliki. Ulikuwa umevaa joho la pamba lenye milia ya kijani.

Askari alikuja hadi mlangoni kwa Oyniso na kipande cha joho mkononi. Bibi Hosiyat alishika mshono, akaketi chini papo hapo. "Ni sindano yangu hii," alisema.

"Mumeo ana alama nyingine, mama?" askari alimuuliza Oyniso.

"Ana jino la dhahabu. Juu, upande wa kushoto."

Nilikuwa nimesimama kando yake, na nikaitikia kwa kichwa. Nami nilikuwa nimemwona Safarmad akicheka hivyo hivyo miaka mitatu yote.

Askari aliandika. Akapiga simu hospitali ya wilaya, akasubiri, akasikiliza, kisha akavua kofia. "Jino lipo, mama. Juu, kushoto. Pole sana."

Basi ikawa imekwisha. Wale watu ishirini wakaweka sururu begani na kurudi makwao. Nani angeendelea kumtafuta mtu aliyekwisha kupatikana? Rajabali akachimbisha kaburi. Maziko yakapangwa Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri.

Jumapili asubuhi ua wa Oyniso ulijaa wanawake. Daktari Mavjuda ni mzaliwa wa Tutzor, na alikuja kama kila mtu. Aliketi karibu na Oyniso, akamshika mkono. Oyniso alikuwa ameukumbatia ule mkebe wenye hereni moja.

"Ile nyingine anakwenda nayo," alisema. "Ile uliyomwekea wewe, daktari. Upande wa kushoto."

Daktari Mavjuda aliinua kichwa. "Mimi nilimwekea upande wa kulia."

"Kushoto, daktari. Si mume wangu? Namtazama kila siku."

"Unamtazama, ndiyo. Unamtazama kwa mbele." Mavjuda aligeuka. "Bibi Hosiyat, niazime mdomo wako."

"Nina meno matatu tu," bibi alisema kwa uchungu. "Yana kazi gani kwenye msiba?"

"Moja linanitosha. Fungua, bibi." Akagusa jino moja la juu. "Oyniso, hili liko upande gani?"

"Kushoto."

"Bibi, sasa inua mkono ulio upande wa jino hilo."

Bibi Hosiyat aliinua mkono. Ulikuwa mkono wake wa kulia, anaolia chakula.

Mimi nilijishika shavu, kisha nikamtazama jirani aliyenikabili, kisha nikajishika tena. Nina miaka hamsini na mbili, nafundisha watu wazima kusoma, na jambo hilo sikuwahi kulifikiri.

"Mtu akikukabili, kulia kwake kuko kushoto kwako," alisema Mavjuda. "Ndiyo maana sisi madaktari tunahesabu upande wa mwenye meno, si wa mtazamaji."

Oyniso alisimama. "Basi aliye hospitali si mume wangu."

"Sijasema hivyo. Huenda aliyetazama kule naye alitazama kama wewe. Lazima nikione kinywa chenyewe, na kadi yake ninayo zahanati."

Rajabali alisikia, akaja mbio kutoka upande wa wanaume. Alikuwa hajalala siku nne, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji, usijitese," alisema. "Joho ni la kaka. Dhahabu ni ya kaka. Kaburi limechimbwa, watu wamekuja. Niwaambie nini?"

"Waambie wanywe chai."

"Shemeji."

"Rajabali, kama ni kaka yako, kuchelewa kwa saa tatu hakutamdhuru. Kama si yeye, basi yuko huko juu, na wewe umewarudisha watu nyumbani."

Rajabali alitoa funguo mfukoni. Kisha akaenda kuwasha gari.

Tulikwenda wanne: Rajabali, Oyniso, daktari na mimi. Tulipita zahanati kuchukua kadi na eksirei. Hospitalini, daktari anayechunguza maiti alimruhusu Mavjuda aingie naye. Sisi tuliketi kwenye benchi la korido. Rajabali alitazama saa ukutani mpaka nikatamani kuishusha.

Walipotoka, Mavjuda alikuwa na karatasi mbili. Aliketi katikati yetu.

"Hii ni kadi ya Safarmad," alisema. "Dhahabu iko juu, upande wake wa kulia, jino linalofuata chonge. Hii nyingine nimeichora sasa hivi. Dhahabu iko juu, upande wa kushoto wa marehemu mwenyewe."

"Huenda ulikosea miaka mitatu iliyopita," Rajabali alisema. "Binadamu hukosea."

"Ndiyo, na ndiyo maana hatutazami jino moja. Tazama hapa kulia. Jino la Safarmad lilipasuka, nikalichonga ili dhahabu ikae. La marehemu ni zima, halijaguswa na mtu. Jino la mtu mzima likishachongwa halioti tena. Sasa tazama chini, kushoto. Nilimng'oa Safarmad gego hapa, na eksirei inaonyesha pengo. Marehemu hana pengo. Magego yake yote yapo."

"Gego lililong'olewa linaweza kurudi?" aliuliza Oyniso. Alijua jibu. Alitaka kulisikia.

"Haliwezi."

Rajabali aliinamisha kichwa mikononi.

"Kuna jambo jingine," Mavjuda aliendelea. "Marehemu ni kijana. Tumempiga eksirei. Magego yake ya mwisho, yale yanayochelewa kuota, ncha za mizizi yake bado ziko wazi. Kwa mtu wa miaka arobaini na sita zimefunga zamani. Na meno yake hayajalika, wakati ya Safarmad yamesagika kwa mkate mkavu na kokwa."

"Ana miaka mingapi?" niliuliza.

"Meno hayakupi siku ya kuzaliwa. Yanakupa makadirio. Mimi na mwenzangu tunasema kati ya kumi na saba na ishirini na mbili."

Oyniso alivuta pumzi ndefu. Nilidhani atalia. Badala yake alimgeukia askari, aliyekuwa amefika na kusimama nyuma yetu.

"Lori lilikuwa tupu mlipolipata?"

"Tupu, mama."

"Mizinga thelathini haikuwamo?"

"Haikuwamo."

"Basi alikwisha kuishusha. Mlichimba chini ya mlima siku mbili. Mtafuteni juu, kwenye mizinga yake."

Yule askari hakubishana. Aliandika upya taarifa yake, na safari hii aliandika "upande wa mwenye meno". Kisha akapiga simu. Rajabali hakungoja amalize. Alirudi Tutzor, akasimama mbele ya wanaume waliokuja kumzika kaka yake, akawaambia, "Acheni chai. Chukueni kamba." Wale ishirini wakawa sitini. Hata imamu alipandisha kanzu na kubeba sepetu.

Jumatatu alasiri walifika kwenye kibanda cha mawe cha wachungaji, juu kabisa ya maporomoko. Mizinga ilikuwa imepangwa nje, imefungwa kamba vizuri. Ndani alilala mtu mwenye ndevu za siku saba, mguu umevunjika na kufungwa kwa vipande vya fremu za mzinga. Kando yake palikuwa na mkate mmoja na robo.

Rajabali hakumsalimu. Alipiga magoti, akamshika kidevu.

"Fungua mdomo," alisema.

"Una wazimu?" Safarmad aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Fungua mdomo, kaka, nakuomba."

Safarmad akafungua. Dhahabu ilikuwa juu, upande wake wa kulia. Rajabali alimkumbatia akalia kwa sauti, na wanaume sitini nje ya kibanda wakalia naye. Wananiambia ilikuwa vumbi. Baada ya mvua ile yote, vumbi lingetoka wapi?

Walimteremsha kwa machela. Sisi wanawake tulisikia vifijo tangu wako mbali, na Oyniso akakimbia njia nzima bila viatu. Alimfikia mumewe. Alimshika uso kwa mikono miwili, basi.

"Mikate ilitosha," Safarmad alimwambia. "Mwambie mama."

Baadaye alitueleza. Jumatano ile alikutana na kijana mchungaji akishuka, amelowa, anatetemeka kwa homa. Alimvua nguo mbichi, akamvisha joho lake, akamwambia amsubiri kwenye lori. Yeye akapanda kuifunga mizinga. Mlima uliposhuka alikimbia kumwita, jiwe likampiga mguu, akajikokota kurudi kibandani. Safarmad alilieleza hilo mara moja tu, na hatukumuuliza tena.

Kijana yule naye hakuzikwa bila jina. Redio ya wilaya ilitangaza umri uliokadiriwa na mahali dhahabu ilipo. Siku ya tatu akaja mama mmoja kutoka bonde la pili, na kadi ya meno ndani ya kitambaa. Kijana aliwahi kuanguka kutoka juu ya farasi, akavunja jino. Kadi ililingana na kinywa, jino kwa jino. Aliitwa Ilhom, na alikuwa na miaka kumi na tisa. Watu wa Tutzor wote tulikwenda kumzika, na Safarmad alibebwa hadi kaburini. Mama wa Ilhom alilirudisha joho likiwa limefuliwa. Bibi Hosiyat alimwambia abaki nalo.

Mwezi uliofuata Daktari Mavjuda alileta meza yake shuleni kwetu, akachora vinywa vya kijiji kizima. Alitueleza tena: kadi moja zahanati, moja nyumbani, na kila jino likitibiwa kadi iandikwe upya. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bibi Hosiyat.

"Mama, una meno matatu," Rajabali alimtania. "Kadi yako si itakuwa nyeupe?"

"Nyeupe ndiyo kitambulisho changu. Kaa foleni wewe."

Oyniso aliikunja kadi mpya ya Safarmad na kuiweka kwenye kijikebe, pamoja na hereni. Tanuri lake sasa analiwasha kwa majani makavu.

Kaburi alilochimbiwa Safarmad lilikuwa bado wazi. Safarmad alipoweza kutembea kwa magongo alitaka kuliona, tukamsindikiza, nusu ya kijiji. Alisimama ukingoni muda mrefu. Tulidhani anaomba dua.

"Fupi," alisema mwishowe. "Rajabali, mimi miguu yangu mngeiweka wapi?"

Akacheka mpaka magongo yakatikisika, na jino la hereni ya Oyniso likang'aa juani. Wanaume wakachukua sepetu na kulifukia shimo lile tupu, huku wanawake tukipiga vigelegele.