Kisu Aliondoa Jina Lake kwenye Kazi Yangu

"Naondoa jina langu kwenye kazi hii. Isipokelewe."

Wadau, maneno hayo niliyasoma asubuhi nikiwa na mswaki mdomoni. Yameandikwa hadharani, kwenye jukwaa la barua pepe linalosomwa na watu wa kazi yetu dunia nzima, na nakala ikaja kwangu. Na aliyeyaandika ndiye mtu pekee niliyekuwa namhesabu rafiki.

Nikakaa kitandani. Povu la dawa likanikaukia kidevuni...

Ngoja niwaeleze taratibu, maana kazi yangu hata mama yangu mzazi hajawahi kuielewa.

Naandika programu. Si hizo mnazopakua kwenye simu. Mimi niko chini kabisa, kwenye kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, huko ambako hakuna anayepakumbuka mpaka kitu kiharibike.

Kumbukumbu ya kompyuta hukatwa vipande vidogo vidogo, tunaviita kurasa. Programu ikihitaji nafasi nyingi, kurasa kibao zinaunganishwa na kuwa ukurasa mmoja mkubwa. Ni kama kupanga nyumba nzima badala ya kuhangaika na chumba kimoja kimoja.

Sasa hiyo sehemu ya kurasa kubwa ilikuwa vurugu tupu. Watu wamepita pale miaka na miaka, kila mmoja kaongeza lake kaondoka. Jambo moja limeandikwa mara mbili, mara tatu. Nikajitolea kusafisha.

Nafanyia kazi nyumbani. Chumba kimoja, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kuna siku nashuka dukani, nikifungua mdomo kuomba mkate sauti inatoka imekwaruza. Ndiyo nagundua kwamba sijaongea na mtu tangu nilipoamka.

Wa kuongea naye alikuwa Kisu. Sijawahi kumwona, wala sauti yake siijui. Jina nimempa mimi, kwa jinsi anavyokata. Yeye ni mkaguzi. Kwetu mstari wa programu hauingii kwenye mfumo mpaka mtu mwingine ausome na kuweka jina lake chini, kwamba nimeusoma, nasimama nao.

"Mstari huu mrefu mno."

"Nimeufupisha."

"Mwisho wake umeacha nafasi tupu. Futa."

"Nafasi tupu si haionekani, bosi?"

"Mimi naiona."

Mtanicheka, lakini hizo ndizo zilikuwa soga zangu. Niliamka nikizisubiri.

Na safari hii alikuwa ameshaweka jina lake. Ndipo akaja kuliondoa mbele ya kadamnasi.

Kosa lilikuwepo, sikatai. Kuna swali ambalo ile programu inajiuliza: huu ukurasa bado ni mkubwa? Inauliza, inasubiri kufuli la ukurasa lifunguliwe, maana wanaingia kwa zamu, halafu inauliza tena. Mimi nikaona ni porojo za kurudiarudia, nikafuta swali la pili. Kumbe wakati unasubiri pale, mwingine anaweza kuwa ameshaugawa ule ukurasa vipande. Wewe unaingia ukidhani ni nyumba nzima, na ndani kuna watu kila chumba. Jamaa mmoja aliijaribu kazi yangu, mashine yake ikaganda.

Sawa. Lakini Kisu hakuweza kuniandikia pembeni? Hata neno moja?

Nikalirudisha lile swali. Nikaandaa toleo jipya. Na kabla ya kulituma jukwaani, pale kwenye anwani za wanaopelekewa, nikafuta ya Kisu.

Kwetu hilo ni tusi. Ni kumpita mtu mlangoni kwake bila salamu, tena akiwa amekuona.

Siku zikapita. Nilifungua barua zangu kila baada ya muda mfupi, hakuna kitu. Nikazoea kimya, au nilijidanganya hivyo.

Dada yangu akaja kunitembelea. Yeye ni msusi, kutwa amezungukwa na watu na maneno yao.

"Umekonda."

"Kazi, dada."

"Kazi gani hiyo, hakuna hata wa kukuuliza umekula?"

Nikamsimulia yote. Nilitegemea anipe pole.

"Na maoni?" akauliza.

"Maoni gani?"

"Ya watu! Mtu akiumbuliwa hadharani, mimi naenda kwenye maoni kwanza. Fungua tuone wanavyokusema."

Hapo ndipo nilipoona aibu. Barua zangu nimezipanga hivi: zilizoandikwa kwangu moja kwa moja zinakuja mbele. Za jukwaa zima zinaingia kwenye folda yake, na huwa zinafurika, kwa hiyo siifungui mara nyingi. Tangu siku ile sikuwa nimeigusa.

Nikafungua. Barua ya Kisu ilikuwa humo, ya asubuhi ileile. Alimwandikia Mkuu wetu, yule anayepokea kazi za wote.

"Mkuu, kosa ni langu. Kazi ya huyu mwenzangu ni safi kuliko zote nilizosoma hapa. Nilitaka iingie haraka, nikaweka jina bila kuijaribu. Jina hilo linadanganya watu, ndiyo maana naliondoa. Akirekebisha, naomba tuilinde sehemu hii pamoja. Nimekaa nayo peke yangu muda mrefu. Siku hizi naamka nikisubiri barua zake."

Dada akanigeukia.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimfuta."

Akanisogezea kompyuta. Nikashuka chini kwenye ile folda mpaka kwenye toleo langu jipya. Chini yake kulikuwa na jibu moja, limetumwa jukwaani tu.

"Sikupelekewa hii, nimeiokota jukwaani. Safari hii nimeijaribu. Swali la pili limerudi mahali pake, vizuri. Mstari wa mwisho umeacha nafasi tupu. Futa."

Na chini kabisa, jina lake.

Wadau, nililia. Mtu mzima analilia nafasi tupu... Dada akanishika mabega bila kuelewa hata neno.

Ninachowaomba ni kimoja. Ukishasubiri sana mlangoni kwa mtu, usiingie na jibu lako la zamani. Uliza tena. Mimi swali la pili nililifuta kwenye mashine, nikalifuta na kwa Kisu.

Nikarudisha anwani yake, nikamwandikia: "Nimefuta. Samahani. Umeamkaje?"

Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza hivyo.

Dada ameshaondoka, chumba kimerudia ukimya wake. Jibu limeingia sasa hivi:

"Nimelisoma mara mbili hilo swali la mwisho. Humu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimeamka salama. Wewe je?"