Kiinua Mgongo cha Breki

Breki alikuwa dereva wa lori mstaafu. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu gari lake halikuwahi kugonga hata kuku. Barabarani hakuwa na haraka. Kwenye pesa, alikuwa na haraka kama mtu aliyeacha maziwa motoni.

Asubuhi moja mkewe, mwokaji wa mikate, alikuwa akikanda unga. Waliuza mikate yao kupitia dirisha la jikoni, na walitamani sana kufungua duka. Sasa kiinua mgongo cha Breki kilikuwa kimeingia benki.

"Mama watoto, tumeula," Breki alisema. "Nimepata meneja wa kutuwekezea kwenye soko la hisa. Anasema soko litapanda mwaka mzima. Faida ni ya uhakika, kila mwezi. Kesho nampa zote."

"Zote? Na soko likishuka?"

"Yeye hajawahi kupata hasara."

Mkewe aliacha kukanda. "Mimi nikiajiri mwokaji, namuuliza aliwahi kuunguza nini, na akafanyaje. Akisema hajawahi kuunguza, basi hajawahi kuoka, au ananidanganya."

Breki akanuna. Mkewe hakubishana naye. Alimwita jirani yao, mwanamke mkaguzi wa hesabu, akaja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Shemeji," jirani alisema, "hisa ni sehemu ya kampuni. Kampuni ikifanya vizuri, bei hupanda. Mambo yakienda mrama, hushuka. Hakuna anayeweza kukuahidi faida ya hisa kila mwezi. Huyo bwana ana leseni?"

"Ana tai nzuri."

"Tai hata mimi naweza kununua. Twendeni kwanza ofisi ya serikali inayosimamia soko la hisa."

Kesho yake wakaenda. Karani wa ofisi ile alitafuta kwenye orodha, akasema yule bwana hana leseni. Breki akampigia simu kumuuliza. Yule bwana alikata, kisha akazima kabisa. Breki aliona aibu, lakini alishusha pumzi. Pesa zake zilikuwa bado benki.

Jirani akawapeleka kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja wenye leseni. Humo watu wengi huchanga, na meneja huwanunulia hisa za kampuni mbalimbali. Meneja alikuwa mama mmoja mwenye miwani.

"Mwaka gani mliunguza pesa za watu?" mwokaji alimuuliza.

Mama yule alicheka. Akawasimulia mwaka waliopata hasara, kosa lao, na walivyojirekebisha. Akawatajia ada yake. Akasema mali ya mfuko hutunzwa na benki, si yeye.

"Na msiweke zote," aliongeza. "Za matumizi na dharura ziacheni benki. Mtakazoweka huku ziwe za kukaa miaka."

Wakaweka sehemu ya kiinua mgongo. Kabla mwaka haujaisha, soko lilishuka. Breki alitaka kuuza haraka.

"Kampuni zimefungwa?" jirani alimuuliza.

"Hapana."

"Unazihitaji hizo pesa leo?"

"Hapana."

"Basi tulia, shemeji."

Alitulia. Miaka ikapita, bei zikarudi, kisha zikapita pale walipoanzia.

Wakatoa pesa zao, na duka la mikate likafunguliwa Jumamosi moja. Foleni ilifika kwenye kona. Mwokaji alilia kwa furaha mbele ya wateja wake, wala hakujificha.

Mteja mmoja akamvuta Breki pembeni. "Mzee, wewe mtaalamu. Mwaka huu soko litaendaje?"

"Sijui," Breki alijibu, kifua mbele. "Na ukikutana na anayejua, shika pochi yako."