Shuka la Chini Kabisa

Siku Léontine alipozaliwa, baba yake aliangusha mwaloni, mbao akaziweka ghalani zikauke. Kwetu Normandi kabati la harusi huanza kutayarishwa kabla bibi harusi hajaota meno. Likaja kuwa kabati kweli: njiwa wawili wamechongwa juu ya milango, ndani mashuka aliyoyashona Léontine mwenyewe tangu utotoni. Zuri kuliko yote lilikaa chini kabisa. Hilo bibi harusi hujiwekea liwe sanda yake.

Homa ilimchukua wakati harusi ikinukia. Mama yake, Honorine, alilitazama lile shuka, roho ikamuuma. Uzuri wote ule ukaoze udongoni? Akamzika mwanawe kwa shuka kuukuu lenye kiraka. Lile zuri akamwekea Odile, mdogo wa marehemu, pamoja na kabati lenyewe.

Mwaka uliofuata Odile akaposwa. Asubuhi ya kupeleka kabati kwa bwana harusi, jirani yao Anselme alilinyanyua upande mmoja, akaguna.

"Mama Honorine, umemficha na mkwe humu?"

Honorine alifungua ili apunguze mashuka. Yote yalikuwa makavu. La chini lilikuwa limelowa chapachapa, limejaa udongo.

Akalifua. Akalianika majanini. Lilipokauka akalirudisha, akafunga. Mchana akafungua tena. Udongo.

Odile alimshika mkono, akanong'ona, "Mama, mimi siendi nalo hili. Dada anasikia baridi."

"Nyamaza, mwanangu."

"Anasikia baridi, Mama. Mpe chake."

Honorine hakubisha. Alifunga kabati, ufunguo akautia mfukoni, akabeba shuka na jembe mpaka makaburini. Jua lilikuwa linawaka. Alichimba kichwani mwa kaburi, akalilaza shuka, akalifukia kwa mikono.

"Nisamehe, Léontine. Nilikunyima cha kwako."

Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Aliporudi, Anselme alilijaribu kabati. Jepesi. Honorine akatoa ufunguo, akafungua ili ahakikishe.

Chini kabisa palikuwa na shuka. Limefuliwa. Limekunjwa ncha zikielekea ndani, kama alivyokuwa akikunja Léontine tu katika nyumba nzima.

Honorine akalikunjua taratibu. Akakiona kiraka alichokishona kwa mkono wake.

Shuka lilikuwa bado na joto.