Mvua Inayojaza Kisima cha Poongodi

Poongodi alishusha ndoo kisimani. Kamba ikaenda, ikaenda. Ndoo ilipopanda, ilikuwa na tope na maji ya kunawa uso tu. Bustani yao ya asumini ilikuwa inanyauka.

"Nang'oa asumini zote," alisema mumewe, Velan. "Nakwenda mjini Chennai kutafuta kibarua."

"Baba Kayal, uniachie mashina makavu na mama yako?" Poongodi aliuliza.

"Mie sijanyauka bado!" mama mkwe akadakia.

Poongodi alimwita jirani yao, Bi Tamilarasi, mtumishi wa idara ya maji. Yeye hupima mvua na visima vya kijiji. Alichukua maji ya kisima kwenye chupa, akayapeleka kupimwa. Aliporudi, aliuliza, "Mnakinga mvua ipi?"

"Ya Juni," alijibu Velan. "Haipotei hata tone."

"Na ya Oktoba?"

"Ile ni nyingi mno! Tunaifungulia mfereji iende barabarani, isituingilie ndani."

"Kumbe! Mnamwaga wali, mnalamba sahani."

Mama mkwe alicheka. Velan hakucheka.

"Nisikilize, kaka," alisema Bi Tamilarasi. "Maji yote yana chembe nyepesi na chembe nzito kidogo. Wingu likinyesha, nzito hutangulia kuanguka. Mawingu ya Oktoba hutoka bahari ya mashariki. Yanapotufikia, yamekwisha kunyesha sana njiani, kwa hiyo chembe nzito zimebaki chache. Mvua ya Juni hutoka bahari ya magharibi. Hiyo ina nzito nyingi zaidi. Ulimi hautambui, mashine inatambua. Na maji ya kisima chenu yanafanana na mvua ya Oktoba."

"Kwa hiyo kisima hakijafa?" Poongodi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kina njaa tu. Mvua ya Oktoba ndiyo chakula chake, nanyi mnaimwaga barabarani."

Poongodi alishusha pumzi. Kabla ya Dipavali, sikukuu ya taa, mvua ya Oktoba ikiwa haijaanza, waliinua kizingiti cha nyumba ili maji yasiingie ndani. Waliziba mfereji uliopeleka maji barabarani. Wakachimba shimo kubwa karibu na kisima, wakalijaza kokoto na mchanga. Mvua ya Oktoba iliponyesha, maji yaliingia shimoni, yakazama ardhini taratibu.

Aprili ikafika na jua lake kali. Velan alivuta kamba, ndoo ikaja imejaa, maji safi. Aliketi ukingoni, akafuta macho kwa kiganja.

Poongodi aliichukua ndoo, akammwagia yote kichwani.

"Oga, Baba Kayal! Leo usibanie."