Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Mume wangu ni fundi cherehani. Siku hizi hatulii. Anashona mstari mmoja, anainuka, anafungua dirisha, anajipepea, anarudi. Jasho linamtoka hata kukiwa na baridi.

"Kaa basi, mume wangu. Unanizungusha kichwa."

"Niache, mama watoto."

Ana saratani ya tezi dume, nayo imefika kwenye mifupa. Hospitali wanamchoma sindano, na alikubali kuingia kwenye utafiti wa vidonge vipya. Kila siku anameza, kisha anaandika kwenye daftari alilopewa.

Asubuhi moja nilitafuta kifungo cha shati la mteja. Nikafungua kopo la vifungo. Lo! Vidonge vya wiki tatu! Na daftari? "Nimemeza. Nimemeza. Sina tatizo." Yaani anadanganya hospitali kama anavyodanganya wateja kwamba suruali imebaki kupigwa pasi tu!

Nilikasirika, nikamwekea kopo mbele yake. Niliogopa kumpoteza.

"Vinanimaliza," alisema, macho chini. "Joto. Uchovu. Na hata wewe... mwili hauna hamu nawe kama zamani. Nikisema, watanitoa kwenye utafiti, nikose matibabu."

"Vaa viatu. Twende."

Kliniki, nesi alikuwa na majibu ya damu. Kipimo cha saratani kilikuwa kimepanda.

"Daktari anafikiria kukuondolea vidonge," alisema. "Anaona havikusaidii."

Nikamkanyaga mume wangu mguu.

"Sikuvimeza," akasema.

Nesi alishusha pumzi. "Afadhali umesema, baba. Saratani hii hustawi kwa homoni ya kiume. Sindano na vidonge vinaizuia homoni hiyo. Ndiyo maana unapata joto na hamu inapungua. Si kosa lako, wala la mama. Tuambie, daktari anaweza kupunguza dozi. Usiache kimyakimya. Ukitaka kutoka kwenye utafiti, ni haki yako, na utaendelea kutibiwa. Lakini ukiandika uongo, tutaitupa dawa ambayo labda inakufaa, wewe na wengine."

Daktari alipunguza dozi. Daftari sasa linasema: "Joto mara nne. Nimemgombeza mke wangu bure."

Baada ya miezi mitatu kipimo kilishuka. Nililia pale pale kliniki.

Kwenye benchi, mgonjwa mmoja wa utafiti huo alikuwa akimwambia nesi kwamba yeye hana shida yoyote. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima. Nesi alipoondoka, mume wangu alimsogelea.

"Mzee mwenzangu," akasema, "na mimi nilisema hivyo hivyo, nusura ninyang'anywe dawa. Mwite nesi arudi."