Mikono Kumi na Minne ya Kushoto

Kila alipotoka shule, msichana aliyeitwa Futi alitundika utepe wa kupimia shingoni na kuanza kupima chochote kilichotulia, paka akiwemo. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Bibi yake naye alikuwa fundi, tena fundi hasa, hadi alipofariki miezi mitatu nyuma na kumwachia Futi kitambaa cha buluu. "Ukikipatia kazi inayokistahili, kikate," alikuwa amemwambia kabla hajafa.

Kazi ikapatikana. Timu ya netiboli ya darasa lake ilikuwa icheze Jumamosi, na jezi haina. Futi akaahidi jezi saba, tena zenye mikono.

Alhamisi, mama alipokwenda kununua nyuzi, Futi alikata jezi zote peke yake. Kitambaa chenye nje na ndani, mafundi hukikunja mara mbili ndipo wakate mikono, ili wa kulia na wa kushoto ipatikane pamoja. Futi, kwa haraka zake, hakukunja. Alikata mmoja mmoja, kila mara upande uleule ukiwa juu, huku akiimba.

Mama aliporudi aliipanga mezani. Akageuza mmoja, akageuza mwingine, kisha akakaa chini.

"Mwanangu, hii ni ya kushoto."

"Yote?"

"Yote kumi na minne."

Na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Mjomba, fundi viatu wa chumba cha pili, akachungulia. "Basi tafuteni wachezaji wenye mikono miwili ya kushoto! Timu ile hawakosekani."

Futi akaangua kilio.

"Aa, usilie, mpwa wangu! Maji yakimwagika hayazoleki. Baada ya dhiki..."

"Kaka," mama akamkatiza, "funga hilo ghala la methali. Mwache alie. Kitambaa kilikuwa cha mama yetu."

"Nimekiharibu," Futi alisema kwa kwikwi, "na Bibi hayupo nimwombe radhi!"

Mjomba alifungua kinywa atoe methali nyingine, kikatoka kilio. Tangu mazishi hakuwa amelia hata mara moja. Kutwa alikuwa akiwafariji wengine. Sasa alinyakua kilichokuwa karibu, akapenga kamasi kwa kishindo. Mama naye akashindwa kujizuia. Walilia wote watatu, wala hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Futi ndiye aliyeinua macho kwanza. "Mjomba! Umepengea mkono wa jezi!"

Mjomba akautazama. "Lo! Lakini unanyonya kweli."

Wakacheka hadi mbavu zikauma. Kisha Futi akasimama. Kama kitambaa kimeyaweza machozi ya Mjomba, kitashindwa na jasho la wachezaji? Usiku haukuingia kabla hawajazishona jezi na kuzipinda makwapani, zikabaki bila mikono. Mikono yenyewe wakaikata tepe za kufunga kwenye paji la uso. Ule mmoja Mjomba aliambiwa aende nao.

Jumamosi jua liliwaka kisawasawa. Wapinzani walipepesa macho kwa jasho, timu ya Futi ikacheza kwa raha, ikafungwa kwa bao moja. Hata hivyo mwalimu wa michezo alikuja mbio. "Nani kashona jezi na tepe hizi? Nataka za timu nzima ya shule!"

Futi aliruka kwa furaha. Mara uso ukamshuka, akamgeukia mama yake aliyekuja kutazama. "Mama, nilitaka kumwambia Bibi."

Mama akamvuta kifuani. "Kosa lako limekuzalia kazi, nami nafurahi. Lakini furaha hiyo haikukatazi kumlilia bibi yako. Anayeumia alie kwanza, ndipo macho yataona pa kupitisha mkasi. Na akishapaona, asione haya kulia tena."

Futi akalia palepale uwanjani. Mwalimu alisubiri hadi akamaliza, ndipo akauliza jezi zitakuwa tayari lini.